Jina, Kiwakilishi na Tendo: Mwanamke Ampendaye Mwanamke katika Michezo ya Video na Mtihani wa Kumfasiri kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuwachambua wahusika wa riwaya, tamthilia, ushairi na ngano. Mhusika wa mchezo wa video hajapata nafasi kubwa katika kurasa za namna hii, na sababu yake ni dhahiri: mchezo huo hudhaniwa kuwa ni burudani ya vijana, tena itokayo ng'ambo. Hata hivyo mhusika huyo ana jina na jamaa. Husema, hupenda, hukataa na hufa. Mambo hayo kwa sehemu kubwa hufikishwa kwa lugha, na kila jambo lifikishwalo kwa lugha ni haki ya mhakiki kuliuliza maswali.

Makala haya yanachunguza kundi moja la wahusika hao, yaani wanawake wawapendao wanawake wenzao. Swali lenyewe ni hili: mhusika wa namna hiyo akifasiriwa kwa Kiswahili, hubakiwa na nini? Hakuna hata mmoja miongoni mwa michezo itakayotajwa hapa uliotolewa rasmi kwa Kiswahili. Kwa hiyo mjadala huu si wa kusahihisha tafsiri iliyokwisha kufanywa, bali ni wa kuitayarishia njia tafsiri ambayo haijafanywa.

Mahali pa kulipimia swali hili ni Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya. Huko Kiswahili hakikai peke yake. Lorugum, magharibi ya Lodwar, ni eneo la wasemaji wa Ng'aturkana, na Kiswahili huja na shule, ofisi na soko. Lodwar ni makao makuu ya kaunti, na watu wa makabila mengi hukutana hapo. Kakuma ina kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, na humo Kiswahili cha Kongo, cha Burundi, cha Tanzania na cha Kenya husikika pamoja na lugha nyingine nyingi. Katika mahali pa jinsi hii neno la Kiswahili mara nyingi huwa ni kituo cha njiani: limepokewa kutoka lugha moja na litapelekwa katika lugha nyingine. Lililopotea kituoni halifiki mwisho wa safari.

Hoja itakayotetewa ni kwamba mhusika huyu hubebwa na mambo matatu: jina aitwalo, kiwakilishi kimtajacho, na tendo alitendalo. Kiswahili hulitia jina sumu na hukinyamazisha kiwakilishi. Kwa hiyo mzigo wote huliangukia tendo, na mfasiri asiyelijua hilo atamfuta mhusika bila ya kuandika hata neno moja la uwongo.

2. Jina

Neno la kwanza limjialo mfasiri ni msagaji. Kisarufi limetokana na kitenzi saga na kiambishi tamati -ji, kama mwindaji, mwimbaji na msomaji. Kiambishi hicho humtaja mtu kwa tendo alifanyalo kwa mazoea. Hapo ndipo penye kasoro. Mwindaji huitwa hivyo kwa kuwa kuwinda ndiko kumtofautishako na mfugaji au mvuvi. Lakini mwanamke ampendaye mwenziwe hatofautishwi na jambo la kitandani tu. Ana huba, wivu, uaminifu, kungoja na kukata tamaa, na hakuna hata moja katika hayo liingialo katika jina hilo. Tena jina lenyewe hutumika zaidi kwa kusuta kuliko kwa kuarifu.

Neno shoga lina taabu ya aina nyingine. Kwa wanawake wa pwani ni neno la kuitana baina ya marafiki, wala halina dokezo la mahaba. Papo hapo, na hasa bara, neno hilo hilo humtaja mwanamume ampendaye mwanamume, na mara nyingi humtaja kwa kumtukana. Msomaji wa Mombasa na msomaji wa Lodwar wakilikuta katika ukurasa mmoja wanaweza kusoma visa viwili tofauti.

Historia ya michezo yenyewe inaonyesha hatari ya kulitegemea jina. Mwaka 1989 C. M. Ralph alitoa mchezo wa kompyuta uitwao Caper in the Castro, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa kuwaweka mbele watu ambao mapenzi yao hayafuati kawaida ya mke na mume. Mhusika mkuu, Tracker McDyke, ni mpelelezi wa kike apendaye wanawake. Anamtafuta Tessy LaFemme, mwanamume ajipambaye kike jukwaani, aliyetoweka katika mtaa wa Castro mjini San Francisco. Mchezo uligawiwa bure, na aliyeupokea aliombwa atoe mchango kwa mashirika yaliyohusika na UKIMWI. Halafu Ralph aliutoa tena kwa ajili ya soko la kawaida, kwa jina la Murder on Main Street. Fumbo la upelelezi lilikuwa lile lile; kilichobadilishwa ni majina na dalili zilizowatambulisha wahusika. Ikiwa utambulisho wote umetundikwa katika majina, basi kuyabadili majina kunatosha kuuondoa.

Kenya ina mfano wake, nao ni wa filamu. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilitokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Aprili 2018 bodi ya kuainisha filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku saba. Mwaka 2020 ikakataa kuliondoa katazo, na shauri likaendelea katika rufaa. Jambo la kuzingatiwa na mwanaisimu ni jina la filamu. Mwongozaji ameeleza kwamba wapenzi wa jinsia moja nchini hulazimika mara nyingi kumjulisha mpenzi kwa watu kuwa ni rafiki tu. Neno hilo ni sitara na ni kilio kwa wakati mmoja. Halisemi uwongo, kwani mpenzi ni rafiki. Lakini linaacha bila kusemwa lile ambalo lilikuwa la kwanza kusemwa. Sifa hii ya Kiswahili haikomei katika neno rafiki, bali imeenea katika sarufi nzima ya kumtaja mtu.

3. Kiwakilishi

Kiingereza kwa kawaida humtaja mtu wa tatu kwa kiwakilishi kinachoonyesha kama ni wa kike au wa kiume. Kiswahili kina yeye kwa wote, na vipatanishi a- na m- kwa wote. Sentensi "Amempenda tangu siku ya kwanza alipomwona" ina watu wawili, na haidokezi jinsia ya yeyote kati yao. Mpenzi, mchumba, mwenzi na muhibu ni vivyo hivyo. Sifa hii huhesabiwa kuwa ni neema ya lugha, nayo ni neema kweli katika mambo mengi. Lakini yafaa iulizwe inamneemesha nani.

Mchezo wa Gone Home, uliotolewa na kampuni ya Fullbright mwaka 2013, ni mfano mwema. Mchezaji huingia katika nyafsi ya Katie, msichana arejeaye kwao katika jimbo la Oregon mwezi Juni 1995 na kuikuta nyumba tupu. Hakuna adui wala bunduki. Kazi yake ni kufungua milango, kuokota barua na kusikiliza kurasa za shajara ya mdogo wake, Sam. Polepole hufahamika kwamba Sam amempenda msichana mwenziwe wa shuleni, Lonnie, ambaye anajitayarisha kuingia jeshini. Lonnie ni kifupisho cha Yolanda, lakini kwa Kiingereza laweza pia kuwa jina la mwanamume. Katika matini ya asili kiwakilishi cha kike huondoa shaka. Mfasiri wa Kiswahili akiifuata sarufi yake kwa uaminifu, ataandika alikuja, nilimwambia, yeye na mpenzi wangu, na shaka hiyo haitaondoka. Msomaji asiyepewa ishara nyingine atamfanya Lonnie mwanajeshi wa kiume, na kisa kizima kitakuwa cha binti aliyetoroka na askari.

Inafaa kulinganisha na yaliyowapata Haruka na Michiru, wapenzi wawili wa kike katika katuni za Kijapani za Sailor Moon. Tafsiri ya Kiingereza iliyoonyeshwa Marekani mwaka 2000 iliwageuza kuwa binamu. Kiingereza, ili kuwaficha, kililazimika kuwazulia udugu wasiokuwa nao. Kiswahili kingeweza kuwaficha kwa kunyamaza tu.

Kunyamaza huko hakukai hivyo hivyo neno linapovuka kwenda Ng'aturkana. Katika lugha hiyo kiwakilishi cha mtu wa tatu, ng'esi, hakitofautishi mke na mume, sawasawa na yeye. Lakini nomino zake hubeba kiambishi awali cha jinsia: ekile ni mwanamume, aberu ni mwanamke, ikoku ni mtoto. Mganga mtabiri wa kiume ni emuron, na wa kike ni amuron. Kwa hiyo mtu amfasiriaye jamaa yake wa Lorugum kisa kilichoandikwa kwa Kiswahili, akitaka kumtaja mhusika kwa nomino ya namna hiyo, hana budi kuchagua kiambishi. Matini ya Kiswahili haikumwambia achague kipi. Atachagua kwa mazoea, na mazoea yatamletea mpenzi wa kiume kwa mhusika wa kike. Kosa hilo si lake. Lilianzia kwa mfasiri wa Kiswahili aliyedhani kwamba kutotaja ni sawa na kutochagua upande.

4. Tendo

Kama jina lina sumu na kiwakilishi ni bubu, kinachobaki ni tendo. Hapa mchezo wa video una nguvu ambayo riwaya haina. Mtendaji mmojawapo ni mchezaji mwenyewe, na mhusika hujulikana kwa namna anavyoipokea au kuikataa amri yake.

Hebu walinganishwe Liara na Sera. Liara wa Mass Effect, mchezo wa mwaka 2007, ni wa jamii ya viumbe wa kubuni wenye jinsia moja tu na sura ya kike. Mchezaji awe amechagua kuwa mwanamume au mwanamke, Liara huweza kumpenda. Jambo hilo lilisifiwa, na si bure. Lakini mapenzi yake humfuata mchezaji kama kivuli, na ni vigumu kusema kama yeye mwenyewe ana elekeo lake. Sera wa Dragon Age: Inquisition, wa mwaka 2014, hupenda wanawake tu. Mchezaji aliyechagua kuwa mwanamume akimtongoza, hukataliwa. Katika sanaa ambayo karibu kila kitu hutii kidole cha mchezaji, kukataa ni alama kubwa ya nafsi. Sera anajulikana kuwa ni nani kwa sababu kuna jambo ambalo mchezaji hawezi kumfanyisha. Na neno sitaki halihitaji jinsia ili lifasirike.

Kwa kipimo hicho, Tracer wa mchezo wa Overwatch ana upungufu. Kampuni ya Blizzard ilimtangaza kuwa apenda wanawake mwezi Desemba 2016, katika hadithi ya picha iliyochapishwa kando ya mchezo, ambamo alionyeshwa na mpenzi wake Emily. Ndani ya mapambano yenyewe habari hiyo haibadilishi tendo lolote. Ndiyo maana iliwezekana hadithi hiyo izuiliwe isisomwe Urusi, na mchezo ukaendelea kuchezwa huko kama kwamba hapana lililopungua. Utambulisho uliobandikwa nje hubanduliwa kutoka nje.

Katika The Last of Us: Left Behind, wa mwaka 2014, Ellie na Riley huzunguka katika duka kubwa lililohamwa, wakicheza na kutaniana, na mwishowe wanabusiana. Mchezaji ndiye amwendeshaye Ellie katika michezo yao ya kitoto, na kwa hiyo hufika kwenye busu akiwa ameshiriki katika furaha iliyolizaa. Tendo hili halifutwi na tafsiri yoyote. Dhamira yake, hata hivyo, inastahili lawama: mara baada ya busu wasichana hao huvamiwa na kuumwa, na Riley hufa. Katika sanaa nyingi za Magharibi mapenzi ya namna hii yamezoea kulipiwa kwa kifo, hata mtazamaji akaja kulitarajia jeneza kila aonapo wapenzi hao.

Gone Home huyajua matarajio hayo na huyatumia kujenga taharuki. Dari ya nyumba imefungwa, taa zake nyekundu zinawaka, na maneno ya shajara yanazidi kuwa mazito. Mchezaji hupanda ngazi akihofu kuikuta maiti ya Sam. Haikuti. Sam yu hai, ameondoka kwenda kuungana na Lonnie. Hapa fani na maudhui ni kitu kimoja: hofu ya mchezaji ndiyo hoja, kwa kuwa inamdhihirishia jinsi alivyokwisha kumhukumu mhusika kifo kabla ya kufika. Kahiu naye amesimulia kwamba alitakiwa aubadilishe mwisho wa Rafiki kwa kuwa ulikuwa na matumaini, na kwamba alikataa. Ugomvi wa kweli haukuwa juu ya kuwapo kwa wapenzi hao tu, bali pia juu ya haki yao ya kutojutia na kubaki hai mwisho wa hadithi.

5. Pingamizi

Pingamizi la kwanza litakalotolewa ni kwamba jambo lenyewe ni geni, na kulifasiri ni kuingiza kasumba. Ushahidi wa pwani haukubaliani na kauli hiyo. Gill Shepherd, katika utafiti wake wa Mombasa uliochapishwa mwaka 1987, alieleza mahusiano ya wanawake kwa wanawake yaliyojulikana na majirani na yaliyofungamana na mali na daraja. Neno msagaji lenyewe ni shahidi, kwa kuwa lugha haiundi jina la kitu isichopata kukiona.

Hata hivyo uangalifu wahitajika upande wa pili pia. Wako wanaokimbilia kutaja ndoa za mwanamke kwa mwanamke, kama za Wanandi au nyumba ntobhu ya Wakuria, wakidai kwamba ndizo hizo hizo. Sivyo. Regina Smith Oboler, aliyeandika juu ya Wanandi mwaka 1980, alionyesha kwamba mume wa kike huchukua nafasi ya mwanamume ili nyumba ipate mrithi. Si ndoa ya mahaba kati ya wawili hao. Mhakiki asiyetofautisha mambo haya huwadhulumu wote: huyanyima mapenzi jina lake, na huinyima mila maana yake.

Pingamizi la pili ni la kisheria. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika vifungu 162 na 165, inakataza yale iyaitayo kinyume cha maumbile, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha. Lakini Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu hawa hawawezi kunyimwa haki ya kusajili chama chao. Kulijadili jambo, basi, si kosa. Na taaluma inayongoja ugomvi uishe ndipo itafute istilahi itakuta istilahi zimekwisha kutungwa na wagomvi.

6. Kutoka Mchezoni hadi Kakuma

Yaliyosemwa juu ya mchezo yangeweza kuonekana madogo kama yasingehusu maisha. Tangu Uganda ilipopitisha sheria yake ya mwaka 2014, baadhi ya watu waliokimbia kwa ajili ya mapenzi ya jinsia moja wamepelekwa Kakuma, pamoja na wengine kutoka Burundi na Kongo. Hawakupata amani kamili huko. Machi 2021 walichomewa moto walipolala, na mmoja wao akafa mwezi uliofuata akiwa hospitalini Nairobi. Mwaka 2023 Amnesty International na tume ya Kenya ya kutetea haki za watu hawa zilitoa ripoti ya pamoja juu ya maonevu wayapatayo kambini.

Mwanamke aombaye hifadhi kwa sababu hii hana budi kuhojiwa, na lugha ya mahojiano huenda ikawa Kiswahili kinachopelekwa kwa Kiingereza na mkalimani. Tuseme anasema: "Niliishi na mpenzi wangu miaka minne, ndugu zake wakaja wakatupiga." Kwa Kiswahili amesema kweli tupu. Mkalimani afikapo kwenye kiwakilishi cha Kiingereza analazimika kuchagua, na akichagua kwa mazoea, faili litakuwa na habari ya mwanamke aliyepigwa na ndugu wa mume asiye na ndoa. Siku akieleza wazi zaidi, ataambiwa kwamba amebadili maneno yake. Akijieleza kwa jina, lililopo ni lile lile la kusutwa, nalo huenda asiweze kulitamka mbele ya mkalimani atokaye kwao.

Mfasiri wa Gone Home na mkalimani wa Kakuma wanakabiliwa na tatizo moja la sarufi. Wa kwanza akikosea, Sam hupoteza kisa chake. Wa pili akikosea, mtu hupoteza hifadhi.

7. Hitimisho

Kanuni tatu zaweza kupendekezwa. Ya kwanza: pale matini ya asili inapotambulisha jinsia kwa kiwakilishi, Kiswahili kiitambulishe kwa nomino, mapema na bila ya kelele: yule binti, msichana mwenziwe, mwanamke huyo. Nomino hizo tunazo, wala hazihitaji kamati ya kuzisanifu. Ya pili: maneno ya kusuta yaachwe katika vinywa vya wahusika wanaosuta, ambako yana kazi ya kuwatambulisha wao, msimulizi asiyaazime. Ya tatu: matendo ya kupenda na ya kukataa yasipunguzwe makali, maana ndiyo yaliyobeba nafsi ya mhusika mahali ambapo sarufi imenyamaza.

Kanuni hizi hazimlazimishi msomaji ampende Sam wala Sera. Zinamtaka mfasiri awafikishe kama walivyoandikwa, na kumwachia msomaji wa Lorugum, wa Lodwar na wa Kakuma hukumu yake. Mtu hawezi kumhukumu wala kumhurumia mhusika ambaye hakuonyeshwa kuwa yupo.